Kibuyu na Chungu: Miti ya Dawa Katika Historia ya Machakos

Masaku, ambaye jina lake wageni walilipotoa mpaka likawa Machakos, alikuwa mundu mue. Kwa Wakamba huyo ni mtu wa kuagua, wa kutabiri mvua na vita, wa kuwapokea wagonjwa walioshindikana nyumbani. Mwaka 1889 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo katika eneo lake, karibu na vilima vya Iveti, na mwaka 1892 akaja John Ainsworth kukisimamia. Kwa miaka kumi hivi Machakos ikawa kituo kikuu cha Waingereza huku bara, hadi reli ilipoikwepa milima, ikapita uwandani Athi na kufika Nairobi mwaka 1899. Ofisi nazo zikaifuata.

Reli hiyo nayo ilikuwa na mwaguzi wake. Inasimuliwa Ukambani kwamba Syokimau, mwanamke aliyeishi kabla wazungu hawajaonekana, alisema atakuja nyoka mrefu kutoka baharini, na watu wanaobeba moto mfukoni. Leo jina lake liko kwenye mtaa mkubwa ndani ya Kaunti ya Machakos na kwenye stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 2012. Sidhani kuna mwaguzi mwingine Afrika Mashariki anayetajwa na makondakta wa matatu asubuhi na jioni kiasi hicho.

Majina ya waaguzi, basi, yamebaki. Yaliyopotea ni ya wale waliotibu watu wengi zaidi: nyanya aliyejua gome la kumpa mtoto mwenye minyoo, mkunga, mchungaji aliyefunga kidonda cha mwenzake kwa majani ya kithulu kisha akaendelea kumfuata mbuzi. Serikali ya kikoloni, wamishonari na hata wataalamu wa mila walipoitafuta dawa ya Wakamba waliitafuta kwa mganga. Waliandika juu yake, wakamtungia sheria, wakamhamisha, wakamshtaki. Chungu cha jikoni, ambamo sehemu kubwa ya dawa hiyo ilikuwa ikichemka kila wiki, kiliwapita.

Mgawanyo wa kazi wenyewe ulikuwa wazi. Kikohozi, tumbo la kuhara, homa, mafua ya mtoto, uchovu wa mzazi, magoti ya mzee: hayo yalimalizwa nyumbani. Kila boma lilikuwa na mtu wa kuulizwa, mara nyingi mwanamke mzima, naye alijua miti ya mlimani kwake na ya bondeni kwa wajomba zake. Ugonjwa ukikataa kuondoka, au ukija baada ya ugomvi wa mpaka au wa mahari, hapo ndipo watu walipopanga safari ya kwa mundu mue. Huko kilitolewa kibuyu chenye mbegu na vijiwe, zikamwagwa na kuhesabiwa, na swali likageuka. Haikuulizwa tena ni ugonjwa gani, bali nani amekasirika.

Afisa wa kikoloni C. W. Hobley alitoa kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1910. Msweden Gerhard Lindblom akaishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, akachapisha kikubwa zaidi huko Uppsala mwaka 1916, kazi ambayo hadi leo mtu anayeandika juu ya Wakamba hawezi kuiruka. Wote wawili walivutwa na waaguzi, na mtu akisoma anaelewa kwa nini: kwa mwaguzi kuna tamasha, kuna sauti na kuna siri. Mwanamke anayechemsha mizizi hana la kumwonyesha mgeni.

Muteta, mti mdogo wa vichaka unaoitwa na wanasayansi Strychnos henningsii, ndio unaosifiwa kuliko yote katika supu za Ukambani. Mifupa ya mbuzi, au kichwa na miguu iliyobabuliwa manyoya, huingia chunguni na maji mengi. Mizizi huoshwa udongo, hupondwa kidogo kwa jiwe ili ifunguke, kisha hutumbukizwa maji yakianza kutokota. Wengine huongeza gome la kisemei, mgunga wenye miiba mirefu myeupe, na hapo supu hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Moto hupunguzwa, chungu kikaachwa saa nyingi mpaka mafuta ya uboho yaelee juu. Uchungu wake haufichwi na chumvi. Wazee huinywa kwa ajili ya viungo vinavyouma, na wapo vijana wanaoinywa kwa sababu baba zao waliinywa baada ya kuchinja.

Ukimuuliza mpishi kama hicho ni chakula au ni dawa, atakuona wewe ndiye mwenye tatizo. Nyama bila mti ni nzito, mti bila nyama hauendi. Timothy Johns, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alichunguza pamoja na wenzake desturi kama hiyo kwa Wamaasai na kwa Wabatemi wa Ngorongoro, Tanzania, wanaotia magome na mizizi katika maziwa na supu. Katika miti mingi walikuta saponini na fenoli, kemikali zinazoweza kuzuia sehemu ya lehemu isiingie mwilini, na wakadokeza kwamba huenda ndizo zinazowasaidia watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama. Kuhusu muteta wenyewe, mwaka 1991 maabara ya Liège, Ubelgiji, ilitoa taarifa kuhusu alkaloidi zake zinazotuliza maumivu na uvimbe. Hakuna mtu wa Kathiani au Masii aliyekuwa akiisubiri taarifa hiyo, lakini haidhuru kuipata.

Ujuzi wa jikoni ulikuwa na shule yake, na shule hiyo ilikuwa malishoni. Mvulana aliyepelekwa kuchunga akiwa na miaka sita au saba alikaa porini kutwa nzima bila chakula cha kubeba. Alijifunza kimuu kwa njaa yake mwenyewe, matunda yale meusi yanayoacha ulimi umepakwa wino. Alijifunza ngomoa, tunda la kikomoa, na nthumula, ukwaju, ambao mama yake aliuloweka na kuutia kwenye uji ili uwe na ukali. Alijua majani ya mukenea yenye harufu ya limau, na kwamba kijiti chake kinafaa kusugulia meno. Wasichana walikuwa na darasa lao: w'oa, yaani mchicha, kitulu, yaani mnavu, majani ya kunde na ya maboga. Mvua ikinyesha mboga hizi humea hata mahali ambapo hakuna aliyezipanda, na majani ya kunde huchemshwa na kukaushwa yangoje kiangazi. Nadhani ni kosa kuitenga elimu hii na ile ya dawa. Mtoto aliyekula kitulu na w'oa msimu mzima alihitaji dawa mara chache zaidi.

Halafu kulikuwa na kivai. Mti huu, Acokanthera, hukatwa vipande na kuchemshwa saa baada ya saa mpaka yabaki masalia meusi mazito mfano wa lami. Hiyo ndiyo ivai, sumu iliyoifanya mishale ya Wakamba iogopwe kutoka Athi hadi Tsavo. Ilifungwa ngozini isipigwe na jua, kwa kuwa jua huiharibu. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitoa katika jamii hiyo ya miti kitu kinachoitwa ouabain, ambacho kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya walikitumia, kwa kiasi kidogo sana, kuusaidia moyo uliodhoofika. Ninaitaja ivai kwa sababu ya madai yanayorudiwa kila mara, kwamba watu wa kale hawakujua kipimo. Mtu anayepika sumu ya kumwangusha ndovu, huku watoto wakicheza upande wa pili wa boma, anajua kipimo.

Mwishoni mwa karne ya 19 elimu hii yote iliwekwa kwenye mtihani mmoja. Sotoka ilikuwa imeshafagia ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Funza aliyetoka ng'ambo alikuwa amelemaza miguu ya watu. Kisha mvua zikakosekana, na kuanzia 1897 hadi 1900 hivi ikaja njaa ambayo Wakamba wanaiita Ngomanisye, ikiandamana na ndui. Watu walihamia Ukikuyu kutafuta chakula, wengine hawakurudi. Walikula ngozi zilizolowekwa. Waliobaki walirudi kwenye miti: matunda na majani ya mulului, ukwaju, na huko bondeni matunda ya isivu, ambayo mbegu zake haziliki mpaka zichemshwe na maji kumwagwa tena na tena ili uchungu utoke. Mambo kama hayo hayavumbuliwi siku ya njaa. Asiyeyajua kabla hupata maumivu ya tumbo pamoja na njaa yake.

Ndui, kwa upande wake, haikujua gome wala mzizi. Hilo lisemwe wazi, kwa kuwa wapo wanaoisimulia zamani kama bustani isiyo na magonjwa. Miti ilisaidia palipo na mwili wa kusaidiwa. Mbele ya ndui ya wakati ule Wakamba walikuwa mikono mitupu, na Waingereza waliokuwa na chanjo hawakuwa na watu wala njia ya kuifikisha kila kilima.

Baada ya Ngomanisye utawala ulikaza mkono, na kilichouudhi ni waaguzi. Mwaka 1911 wimbi la ngoma za kupandisha pepo lilienea vilimani Machakos, na watu wakaanza kukataa amri za serikali. Waliotajwa kuwa viongozi, Syotune wa Kathuke na Kiamba wa Mutuavio, walihamishwa. Sheria ya kwanza ya uchawi ilikuwa imeshapitishwa mwaka 1909. Ikabadilishwa 1918, na ile ya 1925 ndiyo iliyobaki kwenye vitabu vya sheria vya Kenya hadi sasa. Sheria hiyo inamlenga anayejidai kuwa na nguvu au ujuzi wa uchawi. Kwa Mkamba, mundu mue na mchawi ni maadui, kama polisi na mwizi. Kwa mwandishi wa sheria wote wawili walikuwa watu wenye vibuyu.

Kisha ikaja kesi iliyotikisa mpaka London. Mwaka 1931 mke wa Kumwaka wa Mulumbi aliugua, lawama za uchawi zikamwangukia mwanamke mmoja wa jirani, akapigwa mpaka akafa. Wanaume 70 walishtakiwa, na mwaka 1932 mahakama ikawahukumu kifo 60 kati yao. Adhabu hizo zilipunguzwa baadaye, baada ya kelele nyingi magazetini na bungeni Uingereza. Tangu hapo neno uganga wa Wakamba lilipotajwa Nairobi, picha iliyokuja kichwani ilikuwa ya kesi ile. Mwanamke aliyeuawa alistahili haki, na wauaji walistahili kushtakiwa. Lakini kivuli cha kesi kilimfunika pia mzee wa Mwala ambaye maisha yake yote hakufanya zaidi ya kuchanganya kiluma, yaani shubiri, na asali kwa ajili ya homa. Watu walijifunza kunyamaza. Mganga akaitwa mzee tu, dawa zikawekwa uvunguni, na afisa akiuliza jibu likawa kwamba siku hizi wanaenda hospitali.

Wamishonari walikuwa wamefika mapema. Africa Inland Mission ilianza Nzaui mwaka 1895. Hapo Ngelani, juu ya mji wa Machakos, Stuart na Rachel Watt walikuwa wameshapanda miti ya matunda ya Ulaya, na ukiona leo mapera, maparachichi na matunda damu yakiuzwa kando ya barabara unajua vilima hivi vilishapokea wageni wa aina nyingi. Makanisa yalimtaka muumini aachane na mundu mue, na wengi waliachana naye kwa dhati. Hata hivyo hakuna mchungaji aliyeingia jikoni kukataza supu. Mzee wa kanisa alitoka ibadani akaenda kunywa muteta wake bila kuona doa. Kwa njia hiyo ukoloni na dini, bila kukusudia, vilichuja elimu ya kale: sehemu ya kibuyu ikafifia au ikajificha, sehemu ya chungu ikapita salama.

Hatari kwa chungu ilitokea ardhini. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa uhifadhi wa udongo, aliandika ripoti iliyoionyesha Machakos kama jangwa linalojitengeneza: makorongo, vilima vilivyochubuka, ng'ombe wengi kupita kiasi. Serikali ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo, na kiwanda cha nyama cha Liebig kikawa kinangoja Athi River. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wanawake na watoto wakiwamo, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ukaachwa.

Kilichofuata kinasifiwa duniani kote. Watu wa Machakos walichimba matuta, kwanza kwa amri na baadaye kwa hiari na kwa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, wakageuza miteremko iliyokuwa ikifa kuwa mashamba. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka mara tano hivi tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ukapungua. Ni habari njema na ya kweli. Ila matuta yanataka shamba lenye mwenyewe, na shamba lenye mwenyewe lina ua. Malisho ya wote yalikwisha. Wavulana wakaenda shule, jambo ambalo hakuna mzazi anayelijutia, na ile shule nyingine ikafungwa bila tangazo. Miti iliyopandwa mipakani ilichaguliwa kwa mbao, kwa kuni na kwa matunda ya kuuza: mikaratusi, grevilea, miembe, na mukau kwa wenye subira. Nani angepanda muteta, kichaka kinachokua taratibu na kisichozaa chochote cha kupeleka sokoni?

Mahindi nayo yalichukua nafasi ya nafaka za kale. Mwee na muvya, uwele na mtama wa zamani, vilipungua kwa sababu ndege huvishambulia na watoto wa kuwafukuza ndege walikuwa darasani. Kituo cha Katumani, kusini kidogo ya mji, kilitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 mahindi yanayokomaa upesi, na mkulima wa ukame akapata pumzi. Lakini mahindi yanaoza kwa namna yake. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iliyoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliwakumba watu wa Machakos, Makueni, Kitui na Thika: wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 wakafa. Mtama nao hushikwa na kuvu, lakini nyumba iliyokula nafaka za aina tatu haikuwa imetegemea gunia moja.

Katika miaka ya 1970 watafiti walirudi, safari hii wakiwa na madaftari badala ya sheria. Mradi wa Machakos, uliofanywa na kituo cha utafiti wa tiba jijini Nairobi chini ya Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam, ulifuatilia kwa miaka mingi maelfu ya watu wa kaskazini ya wilaya, Matungulu na Mbiuni. Uliangalia surua, kifaduro, uzazi na chakula. Wanawake wengi walikutwa wanajifungulia nyumbani. Mmarekani Charles Good alikwenda vilima vya Kilungu, ambavyo wakati huo vilikuwa Machakos na sasa viko Makueni, akawafuata pia Wakamba waliohamia Mathare, Nairobi. Kitabu chake cha mwaka 1987 kinaonyesha jambo ambalo mwenyeji angemwambia bure: daktari alikuwa mmoja kwa makumi ya maelfu ya watu, waganga walikuwa mmoja kwa mamia, na wagonjwa walitumia wote wawili, wakianza na kile kilicho karibu.

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulikuwa umeshazihimiza serikali zishirikiane na waganga wa jadi. Kenya ilikubali kwa namna ya Kenya. Mganga alipewa cheti, ila kwa miaka mingi cheti hicho kilitoka ofisi ya utamaduni, pamoja na vikundi vya ngoma, wizara ya afya ikitazama pembeni. Wanasayansi walikwenda mbele zaidi. J. O. Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1976 kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa 1979, ikawa na kitengo cha dawa za asili. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa wakatoa kitabu cha mimea ya chakula ya Kenya, ambamo Wakamba wamo karibu kila ukurasa. Kazi ya kina Maundu ndiyo iliyosaidia kurudisha mboga za kienyeji mjini: managu na terere, yaani mnavu na mchicha, zilizokuwa zimedharauliwa kuwa chakula cha maskini, zikaanza kuonekana kwenye rafu za supamaketi za Nairobi, zimefungwa kwa mpira na kuuzwa ghali kuliko sukuma wiki. Mwaka 2011 Wambugu na wenzake walichapisha uchunguzi wa mimea ya maumivu ya viungo katika Machakos na Makueni peke yake. Chungu kilikuwa kimepata mwandishi hatimaye.

Mwaka huohuo wa 2011 kulitokea kichekesho kilichonifunza mengi kuhusu thamani ya jambo linalotoka mbali. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, alianza kuwanywesha watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema ameoteshwa na Mungu. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi. Wakenya walivuka mpaka kwa mabasi na kwa ndege za kukodi, wengine wakafia njiani, na madaktari wakalalamika kwamba wagonjwa wa UKIMWI na kisukari wanaacha dawa zao. Mti uliochemshwa ulitambuliwa kuwa Carissa, ambao Mkamba anauita mukawa. Unaota vichakani Machakos, watoto wanakula matunda yake meusi, na mizizi yake imekuwa ikitiwa kwenye supu tangu hapo kale. Hakuna nyanya aliyewahi kudai kwamba unaponya kila kitu. Huenda ndiyo maana hakuna aliyepanga foleni mlangoni kwake.

Malaria inatoa mfano mwingine, wenye fedha zaidi ndani yake. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kwa kuwa vimelea vilishaizoea, na mwaka 2004 ikaamua kutumia dawa mseto zenye artemisinini, kitu kinachotokana na pakanga ya Kichina. Kiwanda cha kukikamua kutoka kwenye majani kilijengwa Athi River, ndani ya Machakos yenyewe, na wakulima wa Kenya wakapewa mbegu na mikataba. Ilikuwa hatua nzuri. Wachina waliandika ujuzi wao karne nyingi zilizopita, wakaupima maabara miaka ya 1970, na mwaka 2015 Tu Youyou akapata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mukenea, ambao Wakamba huuchemshia homa, una alkaloidi za aina zinazovipiga vimelea vya malaria kwenye chupa za maabara. Kutoka chupani hadi kwa mgonjwa kuna safari ya miaka na mamilioni ya shilingi, na mukenea haujapata wa kuulipia nauli.

Wakati huohuo biashara ndogo haingojei maabara. Msandali, ambao Mkamba huutia kwenye chai, uling'olewa na magenge ya magendo kwa ajili ya mafuta ya manukato mpaka rais akapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Kiluma cha porini kilikuwa kimepata amri kama hiyo mwaka 1986. Muteta hauna amri ya aina hiyo, na kinachouzwa ni mzizi. Anayekata tawi huuachia mti uhai wake, lakini mchimbaji wa mizizi huondoka na mti wote. Wajuzi wa zamani walichimba upande mmoja, wakafukia, wakaenda kwenye kichaka kingine. Muuzaji wa leo hununua kwa kiroba kutoka kwa mtu asiyemjua, aliyechimba kwenye kilima kisicho chake, na hawezi kukuambia kama alichokipanga kwenye gunia lake chote ni muteta. Hapo ndipo hofu ya madaktari ina msingi: jamii ya Strychnos ndiyo jamii ya sumu ya strychnine, na mwili hausamehi kosa la utambuzi. Zamani usalama wa supu ulitokana na kumjua aliyechimba.

Sheria mpya zimekuja kwa sauti tofauti na ile ya 1925. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba asilia na kuitaka serikali iisimamie. Mwaka mmoja kabla yake ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayoitaka kila kaunti iwe na daftari la maarifa hayo, ikitaja jamii inayoyamiliki, ili kampuni ikitaka kuyatumia iombe idhini na kugawana faida.

Kwa kibuyu daftari hilo ni rahisi. Mundu mue ana jina, ana ukoo, ana dawa aliyorithishwa na babu yake, na anaweza kuketi mbele ya karani akaitaja. Supu ni shida. Mizizi ya muteta inachemshwa Kathiani kama inavyochemshwa Kiambu, kisemei kinachemshwa Masinga kama kinavyochemshwa Kajiado, na Wabatemi wa Loliondo wana mukawa wao. Mwanamke wa Mwala aliyefundishwa na mama mkwe wake, naye akafundishwa na jirani aliyetoka Kitui, akiulizwa na karani wa kaunti maarifa haya ni ya nani, atataja watu watatu, wawili kati yao marehemu, kisha atamuuliza karani kama kwao hawanywi supu.